Waridi Huchaguliwa kwa Tunda Lake

Wengi wetu twalijua waridi kwa ua lake tu. Twaliona altareni na arusini, na likinyauka twalitupa. Hata ndugu zetu wa Kenya wanaofanya kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha hulikata lingali tumba, likapakiwa katika ndege kwenda Ulaya. Tunda lake hawalioni. Lakini waridi lina tunda, na katika nchi za baridi wako watu wanaopanda mwaridi kwa ajili ya tunda hilo kuliko ua lenyewe.

Sababu ni majira yao. Kule Uingereza, kuanzia Septemba jua hupungua nguvu, majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika. Ifikapo mwisho wa Novemba bustani nyingi ni vijiti vitupu. Wakati huo ndipo matunda ya mwaridi yanapong'aa, mekundu kama pilipili mbivu, na mengine hukaa mtini hata theluji ikaanguka. Oktoba, mwezi wa Rozari, ndio wakati wake hasa; na jina hilo la Rozari latokana na neno la Kilatini lenye maana ya bustani ya mawaridi.

Basi mtu wa huko atakaye rangi hiyo achague mwaridi gani? Kwanza asidanganywe na ua. Lile ua nono lenye petali nyingi zilizobanana mara nyingi haliachi tunda, kwa kuwa vile vijiti vya katikati vyenye unga wa manjano vimegeuka kuwa petali, na nyuki hapati njia ya kuingia. Achague ua jepesi, lililo wazi, lenye petali 5. Na likinyauka asilikate! Wengi wamezoea kukata kila ua lililonyauka ili mti utoe mengine, kisha Oktoba washangaa mbona hakuna kitu. Aliyekata ua amekata na tunda.

Uko mwaridi waitwao Rosa rugosa, uliotoka pwani za Japani, Korea na China. Matunda yake ni ya mviringo, manene kama nyanya ndogo, na kwa kuwa huchanua tena na tena, waweza kuona ua na tunda mbivu pamoja. Una miba mingi, wafaa sana kuzungushia nyumba. Ila karibu na bahari usipandwe, maana katika nchi kadhaa za Ulaya umetoroka bustanini na kufunika mchanga wa pwani, ukizisonga mimea ya asili. Mwingine ni Rosa moyesii wa China, ambao matunda yake yamefanana na vibuyu vidogo. Huo hupita mita 3 kwenda juu. Mwenye bustani ndogo hutafuta ule uitwao Geranium, uliopatikana katika bustani ya Wisley mwaka 1938, ambao ni mfupi kidogo.

Lakini kwangu mimi wa kwanza ni mwaridi wa mwituni, Rosa canina, uotao wenyewe kandokando ya njia. Ua lake ni la kawaida tu. Tunda lake ndilo lililowafaa watoto wa Uingereza katika vita vya 1939 hata 1945. Nyambizi za Wajerumani zilizamisha meli, machungwa yakawa adimu, na mtoto akosaye vitamini C hupatwa na kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu. Tunda la mwaridi lina vitamini hiyo mara nyingi kuliko chungwa. Mwaka 1941 Wizara ya Afya ikaomba watu wayachume. Watoto wa shule, maskauti na akina mama wa vijijini wakaingia mibani na vikapu, wakilipwa peni chache kwa kila ratili. Mwaka ule zilipatikana tani 200 hivi, na mwaka uliofuata zaidi ya 300, zikapikwa sharubati ya kuwanywesha watoto kwa kijiko.

Upishi wake wataka uangalifu. Matunda husagwa, hutiwa katika maji yanayochemka, kisha huchujwa kwa kitambaa kizito, tena mara mbili, kwa sababu ndani mna vinyweleo vinavyowasha koo na tumbo. (Watoto watundu wa kule huvitia wenzao mgongoni.) Maji hayo huchemshwa yapungue, ndipo sukari hutiwa. Huwekwa katika chupa ndogo, maana ikifunguliwa haikai siku nyingi.

Afrika nako uko mwaridi wa mwituni, katika milima ya Ethiopia, uitwao Rosa abyssinica. Ua lake ni jeupe, lenye petali 5, na matunda yake yakiiva watoto huyachuma na kuyala.