Mzazi na Randa: Useremala wa Nyumbani Katika Busia na Malaba

Katika miji ya Busia na Malaba, iliyo mpakani mwa Kenya na Uganda, mbao ni kitu kisichokosekana. Malori yenye shehena za mbao kutoka Uganda na Kongo hupita huko, na yale yatokayo Mombasa kwenda Kampala husimama foleni ndefu, yakiwa yamebeba bidhaa zilizopangwa juu ya paleti, yaani majukwaa ya mbao yawekwayo chini ya mizigo. Kandokando ya barabara mafundi seremala hupanga nje vitanda, makabati na milango ili wapitao wavione. Lakini katika nyua za nyumba nyingi kuna useremala wa namna nyingine, usiotangazwa kwa kibao wala kulipwa kwa fedha. Huo ni useremala wa mzazi ambaye kazi yake ya mchana ni ualimu, ukarani, udereva au biashara ndogo, naye jioni au Jumamosi hushika msumeno na randa ili awatengenezee watoto wake kigoda, meza ya kusomea au banda la kuku.

Wako wanaoiona kazi hiyo kuwa mchezo wa kupitisha wakati. Kwa kweli ina faida kubwa kwa nyumba na kwa mtoto, na pia ina hatari zake, ambazo yampasa mzazi azijue kabla hajapiga msumari wa kwanza.

UFUNDI ULIOTOKA SHULENI UKARUDI

Kufundisha watu useremala si jambo geni katika magharibi ya Kenya. Mwaka 1902 wamisionari wa Friends walianzisha kituo chao Kaimosi, nacho tangu mwanzo kilikuwa misheni ya kazi za mikono pamoja na mafundisho ya dini. Katika miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi huko Kabete, na vijana waliohitimu humo walirudi makwao wakiwa waashi na maseremala. Hata baada ya Uhuru fikira hiyo haikufa. Mpango wa elimu wa 8-4-4, ulioanza Januari 1985, uliwataka watoto wa shule za msingi wajifunze kazi za mikono, na wazazi wengi wa leo walio na miaka arobaini na zaidi wanakumbuka mwiko au kigoda walichokipeleka shuleni ili mwalimu akitazame.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani wa shule ya msingi, na jambo lisilotahiniwa hupuuzwa upesi. Watoto wengi wakakua bila kushika randa. Kisha mtaala mpya wa umilisi ulipoanza nchini kote Januari 2019, kazi za mikono zikarudi, na tangu Januari 2023 wanafunzi wa gredi ya saba wana somo la kuwaandalia njia ya ufundi. Hapo ndipo mzazi ajikutapo mtihanini. Mtoto huja nyumbani na agizo la kutengeneza kitu, na mzazi asiyejua lolote hukimbilia sokoni, akanunua kilichotengenezwa na mtu mwingine. Mtoto hupata alama zake, lakini somo alilolipata ni moja tu, kwamba ufundi ni kitu cha kununuliwa. Mzazi ajuaye kushika msumeno, hata kama si hodari, humfundisha mwanawe jambo lililo kinyume cha hilo.

KUJUA MTI KABLA YA KUUKATA

Kazi ya seremala huanza kwa kuujua mti. Mvule ni mti mkubwa wa sehemu hizi, mgumu na usioliwa upesi na mchwa, lakini mara nyingine huwa na mawe ya chokaa ndani yake ambayo huharibu meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na pua. Tena mivule imepungua sana, wala haifai kukatwa kwa ajili ya kitu kidogo. Lusiola, kama Waluhya waiitavyo, ambayo Wajaluo huiita siala, ni mti wa nyumbani hasa. Hukua upesi, huchipuka tena ukikatwa, nao huvumilia mchwa. Mgrevilia na msaiprasi ni miti laini, na anayeanza kujifunza atafanya vyema kuanzia hapo. Mkaratusi una nguvu, lakini ukitumiwa ukiwa mbichi hupinda na kupasuka.

Kosa la wanaoanza ni kutumia mbao mbichi. Mbao za unene wa inchi 1 zapasa kupangwa kivulini, juu ya ardhi, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti ili hewa ipite, zikae miezi miwili mitatu au zaidi. Hata zikikauka, ubao huendelea kuvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, nao hufanya hivyo kwa upana, si kwa urefu. Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara hauzuii uso wa meza pande zote kwa misumari, bali huuachia nafasi ndogo ya kupumua. Mvua za masika zikija, meza yake haipasuki.

Yafaa pia kukumbuka sheria. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na ni mwezi wa Julai 2023 ndipo Rais alipotangaza kuiondoa amri hiyo. Kwa hiyo mzazi anunuaye mbao chache na anunue kwa mwuzaji anayejulikana, aulize zimetoka wapi.

PALETI ZA MALORI

Kwa kuwa mpaka huu ni njia ya malori, mbao rahisi kupita zote ni zile za paleti zilizotupwa au kuuzwa kwa bei ndogo. Wazazi wengi huzipenda, na si vibaya, lakini hapa ndipo penye hatari isiyoonekana kwa macho. Wadudu waharibifu wa misitu husafiri ndani ya mbao kutoka nchi hadi nchi, na kwa ajili hiyo mwaka 2002 ulitolewa mwongozo wa kimataifa kwamba mbao za kufungia mizigo zitibiwe kabla ya kuvuka mipaka. Paleti iliyotibiwa hupigwa mhuri wenye picha ya suke la ngano, herufi za nchi ilikotoka, namba ya aliyeitengeneza, na herufi za kueleza ilivyotibiwa.

Herufi HT maana yake ni kwamba mbao zilitiwa joto hadi kiini chake kikafikia digrii 56 za sentigredi kwa muda wa dakika 30. Hizo hazikutiwa dawa ya sumu. Herufi MB maana yake ni kwamba zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu kwa wadudu na kwa watu pia. Paleti yenye herufi hizo isiletwe nyumbani, wala isitumiwe kuni, maana si busara kujaribu sumu jikoni. Isiyo na mhuri wowote haijulikani ilikotoka. Na hata yenye HT, ikiwa ina madoa ya mafuta au harufu ya dawa za shambani, iachwe, kwa kuwa joto la kiwandani haliwezi kuondoa kilichomwagika njiani. Kitanda cha mtoto mchanga ni heri kitengenezwe kwa mbao zijulikanazo.

VYOMBO VICHACHE NA KAZI TATU

Hakuna haja ya kununua duka zima. Msumeno mmoja, nyundo, randa, patasi ya nusu inchi, futikamba, skwea ya kupimia pembe na msasa vyatosha kwa mwaka wa kwanza. Yapasa vinolewe daima, maana chombo butu ndicho kimkatacho mtu. Mwenye patasi butu hutia nguvu nyingi, nayo huteleza.

Kazi ya kwanza na iwe kigoda cha miguu mitatu. Miguu mitatu hukaa imara hata juu ya sakafu ya udongo isiyo sawa, ilhali ya minne huyumba. Kigoda humfundisha mtoto kutoboa tundu na kuchonga ulimi wa kuingia humo barabara, bila msumari.

Ya pili ni meza ya kusomea. Watoto wengi huandika juu ya magoti au juu ya meza ya wazazi iliyo ndefu mno kwao, kisha hulaumiwa kwa mwandiko mbaya. Kipimo kizuri hakimo kitabuni, kimo katika mwili wa mtoto mwenyewe. Kiti kiwe na kimo cha kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni, na uso wa meza ufike kwenye kiwiko chake akiwa ameketi. Meza iliyopimwa hivyo huwa yake kweli, naye hukaa kuitumia.

Ya tatu ni mzinga wa nyuki wa vijiti vya juu, ambao ulitengenezwa nchini Kenya katika miaka ya 1970 na kuenea nchi nyingi. Hapa mtoto hujifunza thamani ya kipimo. Kila kijiti chapasa kuwa na upana wa milimita 32, ili nyuki wetu wajenge sega moja kwa kila kijiti. Kikizidi au kupungua, masega hushikamana, na siku ya kurina asali yote huvurugika.

Na katika nyumba za Wateso kuna kazi nyingine bora kuliko hizo, nayo ni kuchonga adeudeu, kinubi chenye sanduku la mbao. Mpaka uliohamishwa mwaka 1902 uliwaacha Wateso wengine Kenya na wengine Uganda, lakini sauti ya adeudeu husikika pande zote mbili, wala haiulizwi pasi.

MTOTO PENYE MEZA YA KAZI

Wahenga walisema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Hata hivyo kila umri una kazi yake. Mtoto wa miaka mitano aweza kupiga msasa na kushika upande wa pili wa futikamba. Wa miaka minane apige misumari katika mti laini. Wa miaka kumi na zaidi akate kwa msumeno, mzazi akiwa karibu, na ubao ukiwa umebanwa katika jiriwa. Patasi isukumwe mbele daima, na mikono yote miwili iwe nyuma ya makali.

Tena vumbi lisidharauliwe. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao laweza kuleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kazi ifanywe nje, mbali na chumba alalamo mtoto mchanga, pua na mdomo vifunikwe, na vumbi lilowekwe kwa maji kabla ya kufagiliwa.

Mafundi wa barabarani wasidhani kwamba mzazi wa namna hii huwanyang'anya riziki. Aliyetoka jasho kwa kigoda kimoja ndiye ajuaye kazi iliyomo katika kitanda, naye halalamiki bei kama asiyejua. Paa la nyumba, mlango na kitanda cha watu wazima ni kazi za fundi, na mzazi mwerevu humpeleka mwanawe kwa fundi huyo wakati wa likizo ili aone mkono uliozoea.

Limebaki jambo moja, nalo ni mche. Mzazi anunuaye mbao bila kupanda hula akiba ya watoto wake. Lusiola mbili tatu zikipandwa mpakani mwa shamba mtoto aingiapo shule, atakuwa na mti wake mwenyewe atakapokuwa mtu mzima, na mkono uliofundishwa kuutumia.