Uteuzi wa Ukubwa wa Plau la Trekta kwa Kuzingatia Udongo na Mshiko wa Magurudumu: Mfano wa Mashamba ya Usukuma

Ikisiri
Makala haya yanafafanua namna ya kuchagua idadi ya majembe ya plau linalovutwa na trekta. Hoja kuu ni kwamba nguvu za farasi za injini pekee hazitoshi kuamua ukubwa wa plau. Ukinzani wa udongo mzito zaidi shambani na mshiko wa magurudumu ndivyo vinavyoweka kikomo.

1.0 Utangulizi
Plau la bamba hukata udongo kwa wembe, kisha huuinua na kuupindua kwa bamba lililopinda. Katika makala haya, kila wembe pamoja na bamba lake huitwa jembe. Ni rahisi mnunuzi wa plau kuongozwa na swali moja tu: trekta lina nguvu za farasi ngapi? Hata hivyo, plau likizidi uwezo wa trekta, magurudumu huteleza, mafuta hupotea bure na dereva hulazimika kupunguza kina. Likiwa dogo mno, kazi huchelewa, ilhali mvua za kupandia hazimsubiri mkulima.

Usukuma ni mfano mwafaka wa tatizo hili. Sehemu za juu za miteremko zina udongo wa kichanga uitwao luseni, na mabondeni kuna mbuga, yaani mfinyanzi mweusi unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Mabadiliko ya udongo yanayofuata mteremko kwa namna hii yalipewa jina la katena katika miaka ya 1930 na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika. Kwa hiyo, shamba moja linaweza kuhitaji maplau ya ukubwa tofauti.

2.0 Ukinzani wa Udongo
Nguvu ya kuvuta inayohitajika hutegemea upana wa jembe, kina, mwendo na aina ya udongo. Kwa mujibu wa kanuni ya kiwango cha D497 cha chama cha wahandisi wa kilimo cha Marekani (ASABE), jembe lenye upana wa sentimita 35, likilima kina cha sentimita 20 kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, huhitaji takriban kilonyutoni 5.8 katika udongo wa mfinyanzi, 4.1 katika tifutifu na 2.6 katika kichanga. Makadirio hayo yanaweza kupanda au kushuka kwa hadi asilimia 40. Hii ina maana kwamba jembe moja mbugani huvutwa kwa nguvu inayozidi ile ya majembe mawili katika luseni.

3.0 Injini na Mshiko wa Magurudumu
Chukulia trekta la nguvu za farasi 75, sawa na kilowati 55, linaloendeshwa kwa magurudumu mawili ya nyuma. Ikikadiriwa kuwa nusu ya nguvu ya injini ndiyo inayofika kwenye plau, trekta hilo litavuta kilonyutoni 16.5 kwa mwendo uliotajwa. Ikitengwa moja ya tano kuwa akiba, hubaki 13.2. Kwa kipimo hiki cha injini, majembe yanayofaa ni mawili mbugani, matatu katika tifutifu na matano katika luseni.

Hata hivyo, injini huvuta kwa kadiri tu ya mshiko wa magurudumu. Iwapo magurudumu ya nyuma yamebeba kilonyutoni 24 wakati wa kazi, ardhi kavu na imara itaruhusu mvuto wa takriban nusu ya uzito huo, yaani 12. Kwenye mchanga uliolegea, ikichukuliwa asilimia 40, mvuto hushuka hadi 9.6. Hivyo basi, luseni haitamudu majembe matano bali matatu. Katika tifutifu, majembe matatu yatahitaji 12.3, kiasi kinachozidi mshiko kidogo. Mbugani, majembe mawili yatahitaji 11.6, kwa hiyo yatavutwa ardhi ikiwa imara tu. Ikilowa, hata hayo yatalielemea trekta.

Uzito wa nyongeza kwenye magurudumu huongeza mshiko, lakini pia hushindilia udongo, hasa chini ya gurudumu linalopita ndani ya mfuo. Kwa sababu hiyo, uzito wa nyongeza usitumiwe kuhalalisha plau lililozidi uwezo.

4.0 Athari kwa Muda wa Kulima
Kwa mwendo huohuo na ufanisi wa asilimia 75, majembe matatu hulima takriban hekta 0.47 kwa saa, na mawili hekta 0.32. Hekta 10 zitachukua saa 21 kwa majembe matatu na saa 32 kwa mawili. Tofauti hiyo ya saa 11 ni zaidi ya siku moja ya kazi. Hata hivyo, hesabu hii ni sahihi pale tu magurudumu yasipoteleza.

5.0 Hitimisho
Uteuzi wa plau uanze na udongo, ufuatwe na uzito uliopo juu ya magurudumu, na hatimaye injini. Kwa trekta la mfano huu, chaguo linalofaa ni plau la majembe matatu ambalo jembe moja linaweza kufunguliwa: matatu yatumike katika luseni, na mawili katika tifutifu na mbugani. Mbuga ikiwa imelowa, isubiriwe. Mkulima ambaye shamba lake lote ni mbuga hana sababu ya kulipia jembe la tatu.