Uhabeshi Jirani Yetu (IV): Askofu Kutoka Iskandaria

Wasomaji walionifuata tangu makala ya kwanza hawana haja ya kukumbushwa Aksum, mji wa kale wa kaskazini mwa Uhabeshi, iko wapi, wala jinsi ule mnara wa jiwe wa mita 24 ulivyochukuliwa na Waitalia mwaka 1937 ukakaa Roma hadi mwaka 2005. Juma hili nilikuwa nimekusudia kuingia moja kwa moja katika makanisa ya Lalibela. Lakini habari za mapigano ya jimbo la Amhara, ambazo tangu mwaka 2023 huja magazetini na kutoweka na kuja tena, zimewafanya watu kadhaa wa mitaa yetu hii ya Eastlands waniulize kama kwenda huko ni salama. Swali hilo nitalijibu, ila baada ya kueleza jambo ambalo kwa rai yangu lapaswa kulitangulia, kwa kuwa wengi wa wanaouliza hawajui wanakwenda kuona nini.

Bwana na bibi mmoja wa Buruburu, Wakristo wema wasiokosa ibada ya Jumapili, walirejea majuzi kutoka Uhabeshi, walikokwenda siku chache kuadhimisha ndoa yao. Nami nawasifu, maana wenzao hukopa katika chama cha akiba na mikopo wapate kufuatana na mchungaji hadi Yerusalemu na Mto Yordani, kisha deni likawakalia shingoni hata watoto wakarudishwa nyumbani kwa karo, ilhali Mkenya huingia Uhabeshi bila viza na safari ya ndege hadi Addis Ababa ni ya saa mbili hivi. Bibi alinisimulia kwa furaha: “Mwalimu, kule viatu vinavuliwa mlangoni, wanaume upande wao, wanawake upande wao, halafu ngoma zinapigwa mpaka kuche. Nilidhani niko kwenye Maulidi kwenu Pumwani!” Tukacheka sote. Lakini mumewe, mtu mwenye shahada yake ya chuo kikuu, akaniuliza ni wamishenari gani wa Ulaya waliowapelekea Wahabeshi dini hiyo. Na ndipo kicheko changu kilipokatika.

Hawakuwa wa Ulaya. Karne ya nne ilipokuwa ingali changa, vijana wawili wa mji wa Tiro, Frumentius na Aedesius, walikuwa wakisafiri na mwalimu wao katika Bahari ya Sham. Merikebu ikatia nanga pwani kutafuta maji na chakula, na watu wa pwani ile, kwa kuwa mapatano yao na Warumi yalikuwa yamevunjika, wakawaua waliokuwamo wote, isipokuwa wale vijana, waliokutwa chini ya mti wakidurusu masomo yao. Wakapelekwa kwa mfalme wa Aksum. Aedesius akafanywa mnyweshaji wake, na Frumentius, kwa akili aliyojaliwa, akawa mwandishi na mtunza hazina. Mfalme alipofariki, malkia akawasihi wamsaidie kuendesha dola hadi mwanawe abaleghe, na katika muda huo Frumentius akawatafuta wafanya biashara Wakristo waliokuwako, akawapa mahali pa kusalia. Baadaye aliposhuka Iskandaria kumwomba Patriarki Athanasius awapelekee Wahabeshi askofu, Athanasius akaona kwamba hapana amfaaye kuliko mwombaji mwenyewe, akamweka wakfu na kumrudisha Aksum. Wahabeshi humwita Abba Salama hata leo. Mwandishi Rufinus, aliyetuachia habari hizi, asema alizisikia kwa kinywa cha Aedesius mwenyewe. Na sisi tuliolelewa katika vyuo vya Kurani twajua thamani ya isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa habari, iliyo fupi namna hiyo.

Asiyetaka kuamini maandishi na atazame sarafu, ambazo mimi nimezipenda tangu ujana wangu, na wanafunzi wangu wa zamani watanisamehe. Wafalme wa Aksum walipiga sarafu zao wenyewe za dhahabu, fedha na shaba tangu mwishoni mwa karne ya tatu. Zile za dhahabu ni ndogo mno, uzito wake haufiki gramu tatu, na juu yake yuko mfalme kati ya mashuke mawili ya nafaka, na maandishi ni ya Kiyunani ili mfanya biashara wa ng'ambo azisome. Katika sarafu za mwanzo za mfalme Ezana, wa zama hizo hizo za Frumentius, juu ya kichwa chake pana hilali na duara, alama za dini ya kale. Katika zile za baadaye hilali imeondoka na msalaba umeketi mahali pake. Mabadiliko ya imani ya dola nzima yamekaa juu ya kipande cha dhahabu chenye upana wa ukucha! Tena ziko sarafu za shaba, yaani za mnunuzi mdogo wa sokoni, zilizoandikwa maneno ya kuomba kwamba jambo hili liipendeze nchi. Sijui ni nani kati ya wakubwa wetu, wanaopaka sura zao hata kwenye kuta za vyoo vya umma, ambaye angethubutu kuandika ombi kama hilo.

Yapata mwaka 356 Kaizari Constantius, aliyekuwa amekosana na Athanasius kwa ajili ya mafundisho ya Arius, aliandika barua Aksum kutaka Frumentius arudishwe Misri achunguzwe upya itikadi yake. Hapana dalili kwamba Ezana alimtii. Basi karibu miaka mia kumi na tano kabla ya mmishenari Krapf kutia guu Mombasa mwaka 1844, mfalme wa Kiafrika alikuwa akiandikiwa na Kaizari wa Roma juu ya askofu wake. Na huyo Krapf tunayefundishwa kuwa ndiye aliyeleta Injili huku kwetu, alikuja akitoka Uhabeshi, ambako alikuwa amejaribu kuwahubiria watu waliokuwa Wakristo kabla ya babu zake Wajerumani, hadi akazuiwa asirudi.

Mkasa wa Iskandaria una mwenziwe hapa kwetu, na nastaajabu kwamba watu wapitao kila siku Jogoo Road hawaujui. Baada ya mzozo wa mwaka 1929 baina ya wamisheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, walioanzisha makanisa na shule zao wenyewe walijikuta hawana wa kuwawekea mapadri mikono. Mwaka 1935 akaja kutoka Afrika Kusini Askofu Mkuu Daniel William Alexander, akafundisha, akabariki mapadri, akaondoka. Na mwaka 1946 kanisa la Kiorthodoksi lililotokana na kazi hiyo likapokewa chini ya Patriarki wa Iskandaria. Ni kweli kwamba huyu ni Patriarki wa Wayunani, si yule wa Wakopti ambaye Wahabeshi walimfuata tangu farakano la makanisa la mwaka 451. Lakini haja ilikuwa ile ile ya Frumentius, na mlango uliobishwa ulikuwa katika mji ule ule. Hali ya hatari ya mwaka 1952 ilipotangazwa, serikali ya kikoloni iliyafunga makanisa hayo. Leo seminari yao iko Riruta, nauli ya matatu mbili tu kutoka Umoja, na sijasikia mchungaji hata mmoja aliyewapeleka huko waumini wake.

Sasa usalama. Aksum iko Tigray, ambako vita vilikomeshwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Pretoria tarehe 2 Novemba 2022. Lalibela, yenye makanisa yake 11 yaliyochongwa katika mwamba, iko Amhara, na mji wenyewe ulitekwa na kukombolewa mwaka 2021 katika vita hivyo hivyo. Aendaye na aende kwa ndege, asiifuate barabara, na aulize hali ya huko kabla ya kukata tiketi. Yale mapaa makubwa yaliyowekwa mwaka 2008 kuyakinga baadhi ya makanisa na mvua yalikusudiwa kuwa ya muda, nayo yangali yapo, na wenyeji wanahofia yasije yakaporomoka. Njia zikifungwa, Addis Ababa peke yake ina makumbusho ya kutosha siku tatu.

Habari za Najashi, mfalme wa Uhabeshi, na masahaba wa Mtume waliokimbilia kwake, pamoja na za msikiti wa Negash ulioharibiwa katika vita vya Tigray mwishoni mwa mwaka 2020, nitazieleza juma lijalo, inshallah.