Tunu Angekuwa Dada Yako, Ungemwambia Nini?

Leo ukirudi nyumbani tunakuomba ufanye jaribio dogo. Mtafute mama, shangazi au baba mdogo, mtu yeyote aliyekuwa na akili zake miaka ya 1990 na nyumbani kwao kulikuwa na redio. Muulize hivi: "Mkwaju ni nani?"

Hapa kwetu Katavi wengine watafikiri unauliza habari za mti. Ni kweli, mkwaju ni mti, na kando ya Ziwa Katavi, ndani ya Hifadhi ya Taifa, kuna mkwaju mmoja ambao watu huweka sadaka chini yake kwa ajili ya Katabi, mzimu ambao jina lake limetupatia jina la hifadhi. Lakini Mkwaju ninayemsema mimi ni dereva wa lori. Hakuwahi kuzaliwa, na hata hivyo alisikilizwa karibu nchi nzima.

Mkwaju alikuwa mhusika katika mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati. Ulianza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwezi Julai 1993, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Mke wake aliitwa Tunu. Makala hii inamhusu Tunu, na inahusu pia majibu ambayo watu humpa kila hadithi yake inaposimuliwa. Nimegundua kwamba majibu hayo yanatuambia mengi kuhusu sisi wenyewe kuliko kuhusu Tunu.

HADITHI KWA UFUPI

Mkwaju anasafiri na lori lake, na njia nzima ana wanawake. Anakunywa pombe. Kwake mke ni mtu wa kutii, na mtoto wa maana ni wa kiume. Mwanzoni Tunu ananyamaza na kuvumilia, kama alivyofundishwa. Polepole anaanza kufumbuka macho. Anaanzisha biashara yake ndogo, anapata hela yake mwenyewe, na mwisho anaachana na Mkwaju. Mkwaju anaambukizwa virusi vya UKIMWI, na ugonjwa unamuua.

Basi, ni hadithi ya mapenzi? Ndiyo, ila si ile ya "wakaishi raha mustarehe". Ni hadithi ya mtu aliyependa, akaumizwa, akajifunza kutoka.

KWA NINI TUNAMJIBU MTU ASIYEKUWEPO?

Michezo ya namna hii haitungwi kwa kubahatisha. Mtaalamu wa televisheni wa Mexico, Miguel Sabido, alianza miaka ya 1970 kutumia wahusika wa aina tatu. Kuna mwema, kuna mbaya, na kuna wa katikati, ambaye bado hajaamua. Huyu wa katikati ndiye tunayemfuata kwa roho juu, kwa sababu anafanana na sisi. Anakosea, anarudi nyuma, anajaribu tena. Tunu ni wa katikati.

Ndiyo maana watu huandika barua kwa wahusika kana kwamba ni jirani zao. Kule India, mchezo wa televisheni wa Hum Log, ulioonyeshwa mwaka 1984 na 1985, ulipata barua zipatazo 400,000. Hebu fikiria mtu ananunua stempu ili amshauri mtu wa kwenye televisheni!

Hapa Tanzania watafiti walitaka kujua kama Twende na Wakati unabadilisha kitu kweli. Walifanya hivi: kuanzia 1993 hadi 1995 mchezo haukurushwa na kituo cha Dodoma, ambako watu walisikia vipindi vingine saa hizo. Halafu wakalinganisha Dodoma na sehemu zilizousikia. Waliousikia walizungumza zaidi na wenzi wao kuhusu mambo ya uzazi, na wengi walisema wamepunguza idadi ya wapenzi ili kujikinga na UKIMWI. Kumbe kuzungumza juu ya Tunu ni njia ya kuzungumza juu yako mwenyewe bila kujitaja!

Mimi sikuwa nimezaliwa mchezo ulipoanza. Lakini nikitembelea shule za Mpanda na vijiji vya jirani ninausimulia mkasa huu, halafu nauliza: ungemwambia nini Tunu? Mikono inanyooshwa. Majibu hutofautiana kwa maneno, ila karibu yote yanaingia katika mafungu matatu. Tuyaangalie moja moja.

JIBU LA KWANZA: "AVUMILIE, NDOA NDIVYO ILIVYO"

Jibu hili wasichana hulitoa sana kama wavulana, pengine zaidi. Usiwashangae. Utafiti wa afya ya jamii uliofanyika nchini mwaka 2015-16 uliwauliza watu wa miaka 15 hadi 49 kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu fulani, kwa mfano akiunguza chakula au akibishana naye. Wanawake 58 katika kila 100 walikubali walau sababu moja. Wanaume waliokubali walikuwa 40 katika kila 100. Umeona? Fimbo imetuingia kichwani hata sisi tunaochapwa nayo.

Sasa sikia sheria inavyosema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mke wake au mume wake. Ni sheria ya zamani, imewakuta wazazi wetu. Kwa hiyo anayesema "ni haki yangu kumrudi mke wangu" hana sheria inayomuunga mkono.

Tena unyanyasaji si ngumi peke yake. Kumnyima mtu hela ya chakula makusudi ni unyanyasaji. Vivyo hivyo kumtukana kila siku mpaka ajione si kitu, kumlazimisha tendo la ndoa, kumzuia asiongee na ndugu zake, au kumletea magonjwa huku unajua. Tukiacha kabisa suala la kupigwa, Tunu alikuwa tayari ananyanyaswa.

JIBU LA PILI: "ANAJITAKIA, SI AONDOKE TU?"

Hili linasikika kama jibu la kisasa, lakini nalo linamuumiza Tunu. Kabla hujamwita mjinga, jiulize angekwenda wapi, na nauli angetoa wapi.

Watu hukaa kwenye mateso kwa sababu nyingi. Wengine hawana hela yao. Wengine wanafikiria watoto, au mahari ambayo baba ameshaila. Wengine wametishiwa: "Ukiondoka nitakuua." Na wengine, tuseme ukweli, bado wanapenda. Mara nyingi mnyanyasaji hapigi kila siku. Leo anapiga, kesho analia na kuomba msamaha, keshokutwa analeta zawadi. Wiki mbili zinapita vizuri, unasema amebadilika. Halafu hasira zinaanza kupanda tena, kidogo kidogo, mpaka siku nyingine ya kipigo. Ile wiki nzuri ndiyo inayomfunga mtu.

Jambo lingine la kujua: siku ya kuondoka ndiyo inaweza kuwa ya hatari zaidi, kwa sababu mnyanyasaji anaona mamlaka yake yanamponyoka. Kwa hiyo kutoka kunahitaji mpango. Tunu hakuamka asubuhi moja akaondoka. Alianza na biashara.

JIBU LA TATU: "HAYO YA WATU WAZIMA, SISI WANAFUNZI HAYATUHUSU"

Hapa ndipo nataka tuongee kwa kituo.

Wengi wenu mnatoka mbali na shule. Wengine mmepanga vyumba, "geto", mnapika wenyewe, na mchele ukiisha katikati ya mwezi nyumbani ni mbali. Anatokea kaka wa bodaboda anakupa lifti asubuhi. Baadaye ni chipsi, baadaye vocha, baadaye simu. Anakuita "mke wangu". Unaona raha, umepata wa kukujali. Halafu unaanza kusikia haya:

- "Nipe namba yako ya siri, nione unaongea na nani."
- "Yule rafiki yako simtaki, anakuharibu."
- "Nimekugharamia sana, na wewe unanipa nini?"
- "Kondomu ya nini, huniamini?"
- "Ukiniacha nitasambaza picha zako."
- Amekuzaba kibao, halafu anasema, "Wivu unatokana na mapenzi."

Mojawapo ya haya likitokea, lichukue kwa uzito. Yakitokea mawili au matatu, huyo ni Mkwaju, ila amebadilisha lori kwa pikipiki.

Mkoa wetu una sababu ya kulisema hili kwa sauti. Katika ule utafiti wa 2015-16, Katavi ndiyo iliyoongoza nchini kwa mimba za utotoni: wasichana 45 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Si kila mimba inatokana na vitisho. Lakini ukimsikiliza binti kwa utulivu, mara nyingi utasikia kwamba hakujua anaruhusiwa kusema hapana.

Kisheria mambo yako wazi. Msichana wa chini ya miaka 18 ambaye hajaolewa akifanya ngono na mwanamume, hata akisema alikubali, sheria inakuita ni ubakaji. Na tangu mwaka 2016, anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa mimba, anaweza kufungwa miaka 30. Kwa hiyo binti, kama umeingia kwenye shida hii, mkosaji si wewe.

SIKU NILIYOMJIBU RAFIKI YANGU VIBAYA

Nikiwa kidato cha tatu rafiki yangu tuliyekaa dawati moja alinionyesha mkono wake. Ulikuwa na alama za vidole, zimeshakuwa za bluu. Mpenzi wake alikuwa kijana mwenye duka, na sote tulimwonea gere kwa zawadi alizokuwa akipata. Mimi nikamwambia, "Si anakupenda lakini?" Nilidhani namfariji.

Hakuniambia tena kitu. Muhula uliofuata hakurudi shuleni. Nilikuja kujua baadaye kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza aliyemwambia, na wa mwisho. Ndiyo maana leo nauliza watu wangemwambia nini Tunu. Mimi niliulizwa swali hilo na mtu halisi, nikafeli.

UKIWA RAFIKI WA TUNU

Msikilize mpaka amalize. Usimkatishe kwa mahubiri. Mwambie, "Nakuamini," na "Si kosa lako." Muulize, "Unataka nikusaidie nini?" Usimtangaze darasani, wala usiende kugombana na yule kaka, kwa sababu hasira zake zitamrudia yeye. Kama maisha yake yako hatarini, mwambie mtu mzima mnayemwamini, na umweleze rafiki yako kwamba unafanya hivyo.

UKIWA TUNU MWENYEWE

1. Chagua mtu mzima mmoja wa kumwambia: mama, shangazi, mwalimu wa malezi, au kiongozi wa dini. Wa kwanza akikupuuza, mwambie wa pili.
2. Weka pamoja vitu vyako muhimu: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha shule, hela kidogo ya nauli, na namba za simu ulizozikariri kichwani.
3. Usikutane naye peke yenu ili kumwambia umemwacha. Kama ni lazima, iwe mahali penye watu.
4. Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure. Unaweza pia kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.
5. Ukibakwa, nenda hospitali au kituo cha afya haraka, kabla ya kuoga au kufua nguo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutumika hadi siku tano, navyo pia ni bora mapema. Polisi watakupa fomu ya PF3 kwa ajili ya kesi, lakini usiache saa zikapita kwa sababu ya karatasi. Afya kwanza.

Na kama mimba imeshaingia, jua kwamba masomo hayajaisha. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi kwenye mfumo rasmi wa elimu baada ya kujifungua. Nenda na mzazi au mlezi mkamwone mkuu wa shule.

NA WEWE KAKA?

Hakuna anayezaliwa Mkwaju. Pengine umemwona baba akifanya, pengine washikaji wanakucheka kwamba "demu anakutawala". Ukijikuta unataka kushika simu yake, au mkono unakuwasha, ondoka hapo ulipo kwanza. Tembea. Ongea na mtu mzima unayemheshimu. Kuachwa kunauma, sikatai, lakini kunapona.

SASA ZAMU YAKO

Tunu aliondoka kwa sababu mtungaji alimwandikia njia ya kutokea. Rafiki yako hana mtungaji, anao nyinyi wa dawati moja. Jadilini kwenye klabu yenu, wasichana na wavulana pamoja, halafu mtuandikie: Tunu akija leo usiku kugonga mlango wa geto lako, ana begi moja na mtoto mgongoni, neno lako la kwanza kwake ni lipi?

Tunazisubiri barua zenu.