Taa Kuwaka Si Kipimo

Ukitoka Donholm kwenda Pipeline kwa kupitia Tassia, huwezi kukosa maduka ya kujaza maji. Ni vyumba vidogo vya chini ya ghorofa za kupangisha, vimebanwa kati ya kinyozi na wakala wa M-Pesa. Ukutani imepangwa mitungi ya lita 20, na nyuma ya kaunta pana machujio, taa ya UV na, katika maduka yanayojivunia vifaa vyake, kisanduku cha kutengeneza ozoni chenye kitaa cha buluu. Biashara hii imezaliwa na mgao wa maji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, husafishwa Ng'ethu, kisha husafiri kwa mabomba hadi jijini, ambako wanaoyasubiri wameongezeka kuliko maji yenyewe. Mitaa mingi ya Eastlands hufunguliwa maji siku chache kwa wiki. Siku zilizobaki ni za visima, mikokoteni na mitungi. Katika hali hiyo mteja huambiwa kwamba maji haya ni salama kwa sababu yamepitishwa ozoni. Hoja yangu ni kwamba ozoni ni dawa nzuri mno ya maji, lakini uzuri wake wote umo katika kupimwa, na duka lenye mashine lisilo na kipimo halijui linamuuzia mteja nini.

Tuanze na sifa zake, kwa maana ni za kweli. Ozoni ni oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili. Atomi hiyo ya tatu haitulii: hutafuta kitu cha kushambulia, na ikikutana na bakteria hupasua ukuta wa seli yake kwa kasi isiyofikiwa na klorini. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kuitumia kusafisha maji ya wakazi wake mwaka 1906. Nguvu yake ilithaminiwa zaidi baada ya mkasa wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1993, pale kijidudu kiitwacho Cryptosporidium kilipopenya mitambo ya jiji na kuharisha watu wapatao 400,000. Klorini haikukiweza, kwa kuwa kijidudu hicho kina ganda gumu linaloistahimili. Baada ya msiba huo jiji lile likajenga mitambo ya ozoni. Hapa Afrika, Windhoek nchini Namibia hugeuza maji taka kuwa maji ya kunywa, kazi iliyoanza mwaka 1968, na mtambo mpya wa Goreangab wa mwaka 2002 hutumia ozoni kama ngome mojawapo. Nasema mojawapo kwa makusudi. Maji ya Goreangab hupita pia kwenye mchanga, mkaa na utando, na mwishoni hutiwa klorini. Watu wanaoifahamu ozoni vizuri hawaiachii kazi peke yake.

Sasa tuangalie inavyofanya kazi katika chumba cha Tassia. Kisanduku huvuta hewa, huipitisha kwenye umeme wenye volti nyingi, na sehemu ndogo ya oksijeni hugeuka ozoni inayosukumwa majini kama viputo. Kinachoua vijidudu ni kiasi kilichoyeyuka majini, kikizidishwa kwa dakika ambazo maji yamekaa nacho. Wasindikaji wa maji ya chupa hulenga takriban miligramu 0.4 kwa lita kwa dakika nne, na sheria ya Marekani hairuhusu kiasi kizidi hicho 0.4 wakati wa kufunga chupa. Hesabu ni nyepesi, ila kila tarakimu yake huyumba. Viputo vikubwa hupanda juu na kupasuka kabla ozoni haijayeyuka. Hewa yenye unyevu, kama ya Aprili wakati wa masika, hupunguza ozoni inayotengenezwa na huzalisha tindikali inayokula mashine kwa ndani. Maji yenye uchafu wa mimea au chuma hula ozoni kabla haijawafikia bakteria. Maji ya joto huishika kidogo na kuiachilia upesi. Katika mabadiliko yote hayo kitaa cha buluu huendelea kuwaka vilevile, kwa sababu kinachoonyesha ni kwamba umeme upo. Mashine inaweza kuchoka miezi sita kabla ya mtu kugundua, na wakati huo wote duka likatangaza ozoni kwa uaminifu kabisa.

Walioelewa jambo hili zamani ni wafuga samaki wa bahari, na tunapaswa kuwasikiliza. Pwani yetu huuza nje samaki wa mapambo wanaovuliwa kwenye matumbawe, nao huishia kwenye matangi ya vioo ng'ambo. Baadhi ya wenye matangi hayo hutumia ozoni kuondoa rangi ya manjano majini na kupunguza vimelea. Shida ni kwamba lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 65 za bromidi. Ozoni ikiigusa, huigeuza kuwa kemikali nyingine kali ambazo hazitoweki kama ozoni inavyotoweka, bali hubaki zikichoma mashavu ya samaki. Ndiyo maana mfugaji makini huiingiza ozoni kwenye chombo cha pembeni badala ya kuipeleka moja kwa moja kwa samaki, huyapitisha maji kwenye mkaa kabla ya kuyarudisha, na hufunga mita inayopima uwezo wa maji kuunguza uchafu kwa milivolti. Mita ikipanda kupita kiwango alichokiweka, kwa kawaida karibu na 350 au 400, mashine hujizima yenyewe. Sioni sababu ya kumpa kitoto cha Kayole ulinzi mdogo kuliko anaopewa samaki aliyetoka Shimoni, pwani.

Kisa cha bromidi hakiishii baharini. Machi 2004 kampuni ya Coca-Cola iliondoa sokoni Uingereza chupa zipatazo 500,000 za maji ya Dasani. Maji yalikuwa yametoka kwenye mfereji wa kawaida, yakachujwa vizuri, kisha yakaongezwa madini ya kalsiamu yaliyokuwa na bromidi ndani yake. Ozoni ilipopitishwa, bromidi ikageuka bromati, ambayo wataalamu wa saratani huiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kuisababisha, na kiwango kikapita kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita. Kikomo hicho ndicho kinachopendekezwa pia na Shirika la Afya Duniani. Kampuni yenye maabara na wakemia ilinaswa kwa sababu ya mpangilio wa hatua. Somo kwa mwenye duka anayetumia maji ya kisima ni la wazi: apimishe bromidi maabara kabla ya kununua mashine ya ozoni, na mashine ya RO, inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando na kuondoa sehemu kubwa ya bromidi, itangulie ozoni. Bromati ikishaundwa haitoki kwa kuchemsha.

Kuna kingine kwenye visima vyetu ambacho ozoni haikigusi hata kidogo, nacho ni floridi. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano, na maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za jiji yana floridi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi hata mifupa huumia. Mteja akionyeshwa viputo vya ozoni hudhani kila kibaya kimekwisha. Ozoni huua viumbe na kuunguza uchafu, lakini chumvi na floridi hupita humo kama zilivyoingia. Kwa maji ya kisima, utando wa RO ndio hufanya kazi hiyo, nao una gharama ya kubadilishwa. Duka lenye ozoni bila RO linaweza kuuza maji yasiyo na bakteria yanayoharibu meno ya mtaa mzima.

Hata mahali ambapo kila kitu kimefanywa sawasawa, linabaki jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote. Katika maji ya kawaida nusu ya ozoni hutoweka kwa dakika zipatazo 20, na baada ya saa chache hakuna kitu. Fikiria safari ya maji ya mfereji yanayoingia dukani. Yalitiwa klorini Ng'ethu ili yalindwe njiani. Chujio la mkaa dukani huiondoa klorini hiyo kwa makusudi, maana ndilo linalofanya maji yasinuke. UV huua papo hapo isiache kitu nyuma. Ozoni huua na kutoweka. Kwa hiyo mteja hupewa maji masafi yasiyo na mlinzi, ndani ya mtungi uliokuwa umelazwa verandani, uliosuuzwa kwa maji kidogo, uliofungwa kwa kifuniko cha wiki iliyopita. Maji hayo huwekwa kwenye dispensa yenye mfereji unaoshikwa na mikono ya kila mtu, yakakaa siku tano. Bakteria wachache waliosalia kwenye utando wa uchafu ndani ya mtungi hawana wa kuwazuia. Duka linaloelewa ozoni huyageuza mambo haya kuwa faida: husuuza mtungi na kifuniko kwa maji yale yale yenye ozoni wakati bado ina nguvu, hujaza na kufunga hapo hapo, na humwambia mteja anywe maji hayo ndani ya siku chache na aoshe mfereji wa dispensa kwa dawa ya klorini kila anapobadilisha mtungi.

Kuna mtu mwingine anayesahaulika: kijana anayehudumu dukani. Ozoni isiyoyeyuka hutoka majini ikaenea chumbani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutanda chini mahali pasipo na dirisha. Kikomo kinachotumiwa sana kazini ni sehemu 0.1 kwa milioni ya hewa. Ikizidi hapo, koo huwasha, kifua hubana, na mwenye pumu hupata shambulio. Pua haiaminiki, kwa sababu harufu yake kali huzoeleka baada ya muda mfupi, na anayeizoea hudhani imeisha. Tangi la kuchanganyia linapaswa kuwa na kifuniko na bomba la kutolea hewa linalofika nje, juu ya vichwa vya watu, likiwa na mkaa wa kuvunja ozoni ndani yake. Mashine ikae juu kuliko maji na iwe na vali ya kuzuia maji kurudi umeme unapokatika, na sote tunajua unavyokatika. Mipira ya kawaida hupasuka ikiguswa na ozoni; mabomba yawe ya silikoni au chuma kisichoshika kutu.

Mwenye duka atanijibu kwamba ameuza maji miaka mingi na hakuna mteja aliyelalamika. Jibu hilo lina uzito mdogo. Mtu akihara mtaani Umoja hulaumu nyama choma, mboga au mtoto wa jirani, na ni nadra kurudi kwa muuza maji. Nairobi ilipigwa na kipindupindu mwaka 2015 na tena 2017, na ugonjwa huo huonyesha jinsi chanzo kinavyoweza kufichika katikati ya watu wanaokula na kunywa mahali pengi. Floridi nayo haina malalamiko ya siku hiyo. Huonekana miaka kadhaa baadaye kwenye meno ambayo hayarekebishiki.

Wengine watauliza kwa nini tusirudi kwenye klorini na kuchemsha, tuachane na mitambo. Swali hili ni la haki. Kwa familia inayoteka maji ya mkokoteni kwenye jerikeni, klorini ya chupa ndiyo ningeichagua kuliko ozoni yoyote, kwa sababu hubaki majini ikilinda. Kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita kikibakia wakati wa kunywa, maji yana ulinzi. Kuchemsha pia huua kila kijidudu ninachokitaja hapa, ila gesi na makaa vina bei, na maji yaliyochemshwa huchafuka upya kwa kikombe kimoja kilichochovywa. Ozoni ina nafasi yake palipo na mtu wa kuisimamia: dukani, hospitalini, kiwandani. Nyumbani, kifaa kidogo cha ozoni cha kuchomeka jikoni sikipendekezi. Hakina kipimo, na hewa yake hutoka usoni mwa anayepika.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Kipimo kikiongezwa, bei ya mtungi itapanda, na anayeumia ni mpangaji wa chumba kimoja. Lakini kipimo cha ozoni si lazima kiwe mashine ya maabara. Kuna vipimo vya matone vinavyobadilisha rangi, vinavyofanywa kwa dakika mbili asubuhi baada ya kuwasha mashine na tena mchana, na gharama yake ikigawanywa kwa mitungi ya siku nzima ni ndogo kuliko ya kifuniko kipya. Maabara ya bromidi na floridi inahitajika mara chache, kisima kinapoanza kutumika na baada ya mabadiliko ya majira. Shirika la viwango la KEBS tayari linadai maji yanayofungwa na kuuzwa yatimize kiwango, na limewahi kutangaza majina ya kampuni za maji zilizokosa. Mtungi unaojazwa mbele ya mteja, hata hivyo, huponyoka kirahisi, kwa kuwa hauna lebo wala nambari ya siku uliyojazwa. Afisa wa afya ya umma wa kaunti anayekuja kukagua leseni hahitaji sheria mpya ili kuanza. Aombe daftari la vipimo vya wiki hiyo kabla ya kuuliza cheti kilichoning'inizwa ukutani, na mteja anayesubiri mtungi wake ana haki ya kuomba daftari hilo hilo.