Nzi wa Bandia na Samaki wa Ziwa Jipe

Si mbali na mji wa Taveta, juu ya kilima, pana nyumba kubwa mfano wa ngome. Aliijenga Bwana Ewart Grogan katika miaka ya 1930, alipokuwa na mashamba ya katani huko. Wengi waijuao nyumba hiyo hawajui kwamba ndiye aliyeleta mayai ya samaki aitwaye trauti kutoka Uskochi mwaka 1905, ili watoto wake wakue katika mto Gura, milimani Nyandarua. Baadaye samaki huyo alienea katika mito mingine ya baridi na baadhi ya maziwa ya Mlima Kenya.

Trauti huvuliwa kwa nzi wa bandia. Fundi hubana ndoana katika jiliwa, akaizungushia uzi mwembamba uliopakwa nta. Kwa nyuma hufunga nywele chache za unyoya ziwe mkia. Kiwiliwili hukifanya kwa sufu. Kisha huzungusha unyoya wa shingo la jogoo mara tatu au nne, hata nywele zake zisimame kama miguu ya mdudu. Mwisho hukaza fundo na kulipaka vanishi. Nzi wafungwao Kenya huuzwa hata Uingereza.

Kuchagua nzi ni kazi ya macho. Kiangazi kikielekea kwisha, maji ya ziwa hupungua na kutakata, na samaki huwa mwoga. Hapo yafaa nzi mdogo na mshipi mwembamba. Jua likichwa, au mvua ikichafua maji, hufaa nzi mkubwa mweusi, maana umbo lake huonekana vizuri kutoka chini. Mvuvi mwenye busara hupasua tumbo la samaki wa kwanza ili ajue amekula nini, ndipo achague nzi anayefanana na chakula hicho.

Je, trauti aweza kufugwa katika Ziwa Jipe? La. Ziwa hilo liko kiasi cha meta 700 tu juu ya bahari, na maji yake ni ya moto mno kwake. Lakini Jipe lina perege wake, ambaye mtaalamu Rosemary Lowe alimwandika mwaka 1955 kwa jina la ziwa hilo. Leo perege huyo amehesabiwa miongoni mwa samaki walio karibu kabisa kutoweka. Matope na magugu yanalijaza ziwa, na nyavu za matundu madogo huzoa hata wachanga.

Mvuvi wa nzi humshika samaki mmoja mmoja, akimwona mchanga humrudisha majini. Wavu mdogo hauulizi umri. Mvuvi wa Jipe hana haja ya kununua nzi. Lakini akitumia wavu wa matundu mapana, atakuwa amefanya uchaguzi ule ule kabla mtumbwi haujaondoka pwani. Akiba haiozi, na mtoto atakayerithi mtumbwi huo atahitaji pia samaki wa kuvua.