Mama Aliyechanika Asifichwe Nyumbani

Nilisita kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa habari hii ni ya wanawake, na kwetu Siongiroi si desturi mwanamume kuitaja mbele za watu. Lakini aibu hiyo hiyo ndiyo imfungayo mama kinywa akiwa na jeraha, naye mumewe asijue la kufanya. Kwa hiyo niwieni radhi.

Mahali palipo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa huitwa msamba. Mtoto apitapo, msamba hutanuka sana, na mara nyingi huchanika, hasa kwa mama azaaye mara ya kwanza. Si dalili ya uvivu wala ya laana, kama wasemavyo wengine. Hatari huzidi mtoto akiwa mkubwa, au akivutwa kwa chombo, au mama akiwa na kovu la tohara, kwa maana kovu halitanuki kama ngozi nzima. Tohara hiyo ya wanawake imekatazwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2011.

Waganga wa hospitali huhesabu daraja nne za kuchanika. Daraja ya kwanza ni ngozi tu, na pengine hupona bila kushonwa. Ya pili huingia katika misuli ya msamba. Hiyo mkunga aliyefunzwa aweza kuishona katika kituo cha afya, akiisha kumdunga mama sindano ya ganzi. Hutumia uzi uyeyukao wenyewe mwilini, usiohitaji kutolewa. Ya tatu hufika kwenye misuli ibanayo haja, na ya nne hupasua mpaka ndani ya utumbo wa haja kubwa. Hizi mbili hazishonwi kitandani penye mwanga hafifu. Mama hupelekwa chumba cha upasuaji, akatiwa ganzi kamili, na daktari ajuaye kazi hiyo huunganisha kwanza utumbo, kisha misuli, na ngozi mwisho. Hupewa dawa za kuzuia vijidudu, na za kulainisha choo ili nyuzi zisikatike.

Sasa sikilizeni, ninyi mlio mbali na barabara ya lami. Jeraha la namna hii laweza kungoja saa kadhaa, hata kufikia kumi na mbili, bila kuharibu kazi ya daktari, maadamu damu haimwagiki kwa wingi. Basi mama aliyejifungua usiku wa mvua, gari likakwama matopeni, bado ana nafasi ya kufika Longisa, iliko hospitali kubwa ya serikali ya kaunti, au Tenwek kwa wamisheni. Afungwe kitambaa safi, akande hapo kwa mkono, na safari ianze. Lakini damu ikimtoka kwa nguvu, msingoje hata dakika moja.

Tenwek ilianza kama zahanati mwaka 1937, na daktari wake wa kwanza wa kudumu, Mmarekani Ernest Steury, alifika mwaka 1959. Kabla ya hapo bibi zetu walichanika wakanyamaza. Leo, katika kila mama kumi walioshonwa misuli ya haja vizuri, sita mpaka wanane hawana taabu yoyote baada ya mwaka mmoja. Asiyeshonwa aweza kutokwa na upepo au choo bila kujua. Huacha kwenda sokoni, huacha kwenda kanisani, na mumewe hudhani amemchoka.

Nimewaona wakulima wa kwetu, ambao kila alfajiri hupeleka maziwa kiwandani, wakimwita mganga wa mifugo mara tu ng'ombe akipata shida ya kuzaa. Sisemi zaidi.

Kuna mama wanaoogopa hospitali wakidhani kila mzazi lazima aongezwe njia kwa makasi. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, lilishauri jambo hilo lisifanywe kama kawaida kwa kila mzazi. Mkunga mwema huweka kitambaa cha maji ya vuguvugu juu ya msamba na kumzuia mtoto asitoke kwa ghafula.

Baada ya kushonwa, mama aoshe kwa maji safi kila aendapo haja, anywe maji mengi, ale mboga, asibebe kuni wala mitungi. Asiweke majani wala samli kidondani. Akiona usaha, homa au harufu mbaya, arudi hospitali.

Aliyechelewa naye asikate tamaa. Kidonda kikisha kupoa, mara nyingi baada ya miezi mitatu hivi, misuli yaweza kuunganishwa tena. Mtoto akipelekwa kuchanjwa akiwa na majuma sita, mama huketi foleni akimpakata, wala haulizwi habari zake mwenyewe. Hapo amwambie muuguzi, hata kwa kumnong'oneza.